Siku babu alipoliona kaburi la kaka yake

Bombo kwetu, Uganda, ukitaja KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki) kila nyumba ya Wanubi ina mtu wake, huyu alikuwa sajenti, yule alipiga tarumbeta, mwingine alirudi na mguu mmoja. Kwetu ni kaka mkubwa wa babu, alipelekwa Burma, Myanmar ya leo, kwenye vita vya pili vya dunia, hakurudi, ikarudi medali. Military Medal, medali ya ushujaa, ya fedha, upande mmoja kichwa cha mfalme George wa 6, na utepe wa bluu iliyokoza wenye mistari myeupe na myekundu katikati. Ilikaa kwenye kopo la majani ya chai miaka yote.

Waliorudi walisimulia kwamba alitambaa kwa tumbo, risasi zikipita juu, akawavuta wenzake waliokuwa wamejeruhiwa, na kabla medali haijafika akawa ameshakufa mbele huko. Lakini alizikwa wapi hakuna aliyejua. Mama yao alikataa hata asomewe hitma, alisema siwezi kumuaga mtu ambaye sijaoneshwa kaburi lake, na yule mama akafa na msimamo wake huohuo.

Sasa mwaka 2013 nimetoka Kampala na laptopu na modemu, nikamwambia babu leo tunamtafuta. Kwa jina tulitafuta tukachoka, maana karani wa Kiingereza aliandika majina yetu alivyosikia yeye. Nikaomba kopo. Nikaisogeza medali dirishani kwenye mwanga na kuigeuza, ndipo nikaona ukingoni kuna maandishi madogo mno yamegongwa kuzunguka duara zima, weusi umejaa ndani ya herufi. Nikasugua na pindo la shati mpaka ikasomeka, namba, cheo, jina, halafu K.A.R. Babu anasoma Kiarabu cha msahafu tu, kwa hiyo kitu hicho kilikuwa mikononi mwake maisha yote na hakuna aliyewahi kumsomea, hilo liliniuma sana.

Nikaingiza namba kwenye tovuti ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola. Likatoka jina moja tu. Taukkyan War Cemetery, Myanmar, kaskazini mwa Yangon, na mbele ya jina herufi mbili, M M, yaani hata kaburini medali yake imeandikwa.

Babu akasema, "Soma tena." Nikasoma tena. "Namba je, ndiyo hiyo?" Nikamwekea medali kando ya skrini nikamsomea tarakimu mojamoja huku akifuata na kidole.

Nikamfungulia picha za makaburi. Ya vita vya pili peke yake yako 6,374 pale, hayana mawe marefu ya kusimama, ni vijiwe vifupi vyenye bamba la shaba nyeusi, safu kwa safu, majani yamekatwa vizuri, na katikati kuna nguzo nyingi zilizochongwa majina kama 27,000 ya wasiokuwa na kaburi linalojulikana. Swali lake la kwanza, "Nani anafyeka?" Nikamjibu wapo wafanyakazi wa hapohapo wanalipwa. Akauliza, "Na Fatiha anasomewa na nani?" Hapo sikuwa na jibu, yeye mwenyewe akainua mikono akaanza na sisi tukafuata.

Nilimweleza jinsi nilivyosoma, kwamba divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale wa nembo ya kifaru yule mnyama, walishuka bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya masika ya huko, matope hadi gari hazipiti, na Desemba wakafika Kalewa kwenye mto Chindwin. Waliokufa walizikwa njiani na porini, vita ilipoisha ndipo makaburi mengi yakakusanywa Taukkyan. Babu alisikiliza halafu akasema kaka yake alikuwa anaogopa maji, mto wa hapa kwetu tu alikuwa havuki.

Mjomba akadai serikali imrudishe, mifupa ije Bombo. Nikamwambia tume hairudishi miili, ofisa na askari wa kawaida wanalala pamoja palepale. Babu akakata shauri, "Muacheni na wenzake, ila hitma isomwe Ijumaa hii." Ikasomwa, mtaa mzima ulikuja, na kwa mara ya kwanza jina lake likatajwa pamoja na mahali alipo. Mimi naona hilo ndilo mama yao alikuwa analidai.

Baada ya hitma wazee wakaanza kuja na bahasha na vitambaa vilivyofungwa fundo, wengi wana nyota ya Burma, medali waliyopewa waliopigana huko, wananiomba niwatafutie wao pia. Nikageuza nyota moja baada ya nyingine, nyuma patupu, hazikuandikwa jina wala namba zilipotolewa. Medali ya ushujaa ndiyo inabeba jina ukingoni, na waliopata hiyo ni wachache. Kwa hiyo nikachukua daftari nikaandika kila kitu wanachokumbuka, jina la nyumbani, la baba, kijiji, batalioni kama wanaijua, aliondoka na nani. Mmoja nimeshampata kwenye zile nguzo za Taukkyan. Wengine bado natafuta, na kama kwenu kuna medali ya babu, isogeze kwenye mwanga uangalie ukingo wake kwanza.