Nilivyofundisha eksentrisiti bila kuanza na c/a

Mimi nafundisha tuisheni ya hesabu za advansi huku Mbagala, na kwenye koniki (mikunjo ya duara, elipsi, parabola na haipabola) kuna kitu kilikuwa kinaniumiza sana, vitabu vingi vinampa dogo e = c/a kwenye elipsi (e ndo eksentrisiti, namba inayoonyesha umbo la mkunjo, c ni umbali wa senta mpaka fokasi, a ni nusu ya urefu wa elipsi), wakifika kwenye parabola wanamwambia tu e ni 1, kariri. Dogo anauliza "ticha, c na a za parabola ziko wapi?" na ana haki kabisa kuuliza, maana parabola haina senta!

Nikaamua c/a ikae pembeni kwanza. Tukaanza na uwiano tu, umbali wa nukta ya mkunjo kutoka fokasi (nukta maalum isiyohama), gawanya kwa umbali wa nukta hiyohiyo mpaka kwenye dairektriksi (mstari maalum usiohama), uwiano huo ndo e. Kila mtu na grafu pepa yake, fokasi hapa, dairektriksi sm 6 kutoka hapo. Tukaweka e nusu tukatafuta nukta kwenye mhimili, moja ikaja sm 2 kutoka fokasi na 4 kutoka kwenye mstari, nyingine ng'ambo ya fokasi, 6 na 12. Kati yao ni 8, kwahiyo a ni 4, senta iko sm 2 kutoka fokasi ndo c hiyo, gawanya sasa... nusu! Darasa lilichangamka jamani, c/a imejileta yenyewe. e ikiwa 1 unapata 3 na 3, nukta ya pili hamna. e ikiwa 2 nukta ya pili inarukia upande mwingine wa dairektriksi, 12 na 6, haipabola hiyo.

Duara ndo haikubali njia hii, ukiweka e sifuri unabaki na fokasi peke yake, kwahiyo hapo nawaambia wazi turudi kwenye c/a, c ni 0 imeisha.

Pia nawachoresha elipsi ya e 0.5 wapime, b (nusu ya upana wake) inakuja kama 0.87 ya a, yaani bado inakaribia duara. Njia ya dunia kuzunguka jua e yake ni 0.017 hivi, ila michoro ya vitabuni imebonyezwa kama yai, ndo maana wengi wanaamini kiangazi kinaletwa na kusogelea jua.

Ubishi mkubwa ulikuwa parabola mbili, y² = 4x na y² = 40x, wanasema ya pili imepanuka lazima e iwe tofauti. Nikawaambia ipigeni picha ile ya kwanza, zumuni mara kumi, muilinganishe na ya pili, umbo ni lilelile, kwahiyo e ni ileile 1.