Ameweka mguu chini

Kila asubuhi wodini nilimkuta mgonjwa wangu wa sonona amejifunika shuka gubigubi, uso ukutani. Nami kila asubuhi nilirudia yaleyale: "Shikamoo mama. Nimekuja. Leo tujaribu kukaa tu." Siku ya 9 mguu mmoja ulitoka nje ya shuka, ukagusa sakafu, ukatulia. Niliandika kwenye faili: "Ameweka mguu chini." Mwenzangu aliyepokea zamu aliniuliza, hilo nalo ni la kuandika?

Ndiyo, ni la kuandika. Ubongo wa mtu mzima bado unajijenga kwa kile unachorudia. Mwanasaikolojia Donald Hebb wa Kanada alishalieleza mwaka 1949: seli za neva zinazofanya kazi pamoja mara kwa mara huimarisha mawasiliano yao. Mwaka 2000, mtafiti wa ubongo Eleanor Maguire na wenzake walipima ubongo wa madereva wa teksi wa London, waliokariri maelfu ya mitaa, wakakuta sehemu ya nyuma ya hipokampasi yao, eneo la ubongo linalohusika na kumbukumbu, ni kubwa kuliko ya watu wengine. Na hipokampasi hiyohiyo mara nyingi huonekana imepungua kwa watu waliosumbuliwa na sonona kwa muda mrefu. Utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2011 ulionyesha kwamba wazee waliotembea kwa mazoezi mwaka mzima, hipokampasi yao iliongezeka kwa takriban asilimia 2. Kutembea tu!

Kwa hiyo ninapomzungusha mgonjwa uani, hatupotezi muda tukingoja dawa ifanye kazi. Yale matembezi nayo ni matibabu.

Ila ubongo hauchagui somo. Ukimkemea mgonjwa kila akiita, ubongo wake unajifunza kwamba kuita ni hatari. Niliwahi kusimama pembeni nikaona mgonjwa akiburutwa kupelekwa chumba cha peke yake, nikanyamaza. Kwa wiki kadhaa baadaye alikuwa akijikunja kila aliposikia funguo. Tulimfundisha sisi. Najuta mpaka leo.

Wala simwambii mgonjwa kwamba akijitahidi ubongo utabadilika. Asipopona haraka atajiona mvivu, na lawama hizo anazo tayari za kutosha. Kurudia ni kazi yangu kwanza.

Siku ya 17 nilichelewa kidogo. Nilimkuta ukingoni mwa kitanda, miguu yote miwili sakafuni, ametazama mlango.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nilidhani leo huji."