Mashine ya Nani?

Mtahini wa nje alikuwa amekunja pembe za kurasa za sura moja tu, ile ya Ujerumani. Nilipoketi mbele ya jopo siku ya kutetea tasnifu yangu, hilo ndilo nililoona kwanza, nikajua mvua itanyesha upande gani.

Sheria linganishi ya mali, yaani kulinganisha sheria za umiliki za nchi mbalimbali, ina ugomvi wake wa miaka mingi. Kambi moja husema mifumo ya sheria hutofautiana kwa njia tu: ipelekee tatizo lile lile, nayo itakupa majibu yanayokaribiana. Wanasheria wa Kijerumani Konrad Zweigert na Hein Kötz walilipa wazo hilo nguvu katika karne ya 20, na mtahini wangu alikuwa muumini wake wa kindakindaki. Tasnifu yangu ilidai kwamba katika umiliki mambo si hivyo kila mara.

Hakuuliza lolote kuhusu nadharia. Alichukua kalamu nyekundu, akachora visanduku viwili na mshale kati yake, akanisogezea karatasi.

"Huyu kamuuzia mwenzake mashine, na keshaikabidhi. Baadaye mkataba unaonekana batili. Mashine ya nani?"

Nikaanza na Ufaransa. Kwa Sheria ya Kiraia ya 1804, wakishapatana kitu na bei, umiliki umehama, hata kama kitu hakijakabidhiwa wala bei haijalipwa. Basi mkataba ukianguka, umiliki nao huhesabiwa kwamba haukuwahi kumtoka muuzaji. Ujerumani walikwenda njia nyingine, wakimfuata mwanasheria wao wa karne ya 19, Savigny: kwa sheria yao iliyoanza kutumika mwaka 1900, kuuza ni tendo moja na kuhamisha umiliki ni tendo jingine, na la pili halifi kwa sababu la kwanza limekufa. (Ukinunua gazeti kule, kisheria umefanya mapatano matatu: la mauzo, la gazeti, la pesa. Wanafunzi hucheka hapa kila mwaka, nami huwaacha wacheke.) Kwa hiyo mnunuzi anabaki mmiliki, na muuzaji ana dai la kurudishiwa.

"Na atarudishiwa?"

"Atarudishiwa, Profesa."

"Basi jibu ni lile lile."

Mjumbe mmoja wa jopo alitabasamu. Mimi nilikuwa nalingojea sentensi hiyo.

"Ni lile lile mradi mnunuzi ni mzima kifedha. Tumfilisi kwanza."

Akifilisika, muuzaji wa Ufaransa anamwendea mfilisi, yaani msimamizi wa mali ya aliyefilisika, na kudai mashine yake. Wa Ujerumani hana mashine ya kudai. Ana dai la kulipwa tu, anaingia foleni pamoja na wadai wengine, tena nyuma ya wenye dhamana, akisubiri fungu litakalobaki, kama litabaki.

Alipinga vizuri, lazima nikiri. Akasema kasoro kama udanganyifu inaweza kuangusha matendo yote mawili, na kwamba wafanyabiashara wa Ujerumani hujiwekea kifungu cha kubaki na umiliki mpaka bei ilipwe. Nikamjibu kwamba kifungu hicho humkinga muuzaji anayehofia kutolipwa. Hapa tatizo ni mkataba wenyewe, na bei huenda ilishalipwa.

"Na Uswisi?" akauliza.

Sijui kama alikuwa ananitega au ananisaidia. Sheria ya Uswisi ya 1907 ilinyamaza kuhusu mali inayohamishika, na wanazuoni wakabishana hadi mwaka 1929, Mahakama ya Shirikisho ilipoamua kwamba mauzo yakiwa batili, umiliki hauhami. Waswisi na Wajerumani ni majirani, husomeana vitabu, na bado waliachana njia.

"Kama majibu ni yale yale," nikasema, "wale majaji walikuwa wanabishania nini?"

Aliandika kitu pembeni mwa ukurasa, hakunionyesha. Nilikisoma baadaye kwenye orodha ya masahihisho: niongeze sura kuhusu kufilisika, fupi. Haikuwa fupi. Na nilipoomba kazi ya uhadhiri, ndiyo sura pekee waliyoniuliza.