Nyumba imekuwa kubwa ghafla
Jamani mwenzenu bado sijazoea. Kitinda mimba wangu kachukuliwa Kenya Navy, jeshi la majini, saa hii yuko Eldoret na makurutu wenzake kwenye baridi ile, simu hana, na mimi huku Likoni naamka saa kumi na moja kumuamsha mtu ambaye hayupo. Juzi nimepika wali kilo nzima kama zamani, ndo nikakumbuka nimebaki peke yangu, nikampelekea jirani. Shuka zake sijazifua. Nikivuka feri nikiona meli ya kijivu ya navy upande wa Mtongwe machozi yananitoka lakini wallahi najivunia, huyu mtoto bahari aliipenda tangu mdogo. Mama wenzangu mliopitia haya, usiku mnafanyaje? Mie usiku ndo unanishinda.