Mkipanda mialoni acheni vichaka vyenu

Kuna picha ya upandaji miti ambayo watu wanaipenda sana, mlima umefyekwa mpaka unang'aa, mashimo yamenyooka mstari, miche imechomekwa na watu wenye tisheti za kufanana wanapiga selfi. Mimi picha hizo zimenichosha. Naishi Granada, kusini mwa Uhispania, na najua Agosti inavyokuwa huku, mvua imekata tangu Juni, jua halina huruma, na ule mche uliopandwa peke yake uwazini umeshakuwa kijiti.

Mwaloni ni ule mti Waingereza wanauita oak, wa huku wanauita encina, hauangushi majani, na matunda yake ndo yanawanenepesha wale nguruwe weusi wanaotoa nyama ya bei mbaya. Misitu mingi ya milimani iliisha kwa mkaa, mifugo na moto, sasa imebaki vichaka tu, na kwa miaka mingi kichaka kilihesabiwa adui, kinakunywa maji ya mche, kwahiyo fyeka. Staili hiyo ilitoka nchi zenye mvua za kutosha, watu wakaileta kwenye ukame bila kujiuliza. Mpaka watafiti wa huku wakajaribu kinyume chake milima ya Sierra Nevada, miche zaidi ya 18,000 ya aina 11 za miti, wakaipanda chini ya vichaka vya aina 16 na mingine uwazini, wakatoa matokeo 2004. Kwa ujumla mche uliopata kichaka ulifanya vizuri kuliko uliokaa uwazini, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwenye miteremko ya chini yenye jua kali, yaani kule kule ambako tulikuwa tunafyeka kwa bidii!

Kivuli kila mtu anakielewa, miiba ya kuzuia mbuzi pia. Kinachosahaulika ni cha chini ya ardhi. Mizizi ya mwaloni inaishi na kuvu, yaani viumbe wa jamii ya uyoga, ushirikiano unaitwa mikoriza, kuvu zinavalisha ncha za mizizi kama soksi na kutoka hapo zinatandaza nyuzi nyembamba sana zinazopenya sehemu ambazo mzizi wenyewe hauwezi kuingia, zinaleta fosforasi, naitrojeni na maji, mti unalipa kwa sukari. Aliyeipa kitu hiki jina la mikoriza ni Mjerumani Albert Bernhard Frank mwaka 1885, na kinachonichekesha ni kwamba serikali ya Prussia, dola ya Kijerumani ya enzi hizo, ilimtuma atafute namna ya kulima trufa, ule uyoga ghali wa chini ya ardhi. Hela ndo zilianzisha hii sayansi, sio mapenzi ya misitu.

Sasa shida ni kwamba sehemu iliyokaa bila mialoni muda mrefu, au iliyolimwa ngano vizazi na vizazi, kuvu zinazoufaa mwaloni zinapungua kwasababu hazina mwenyeji. Hapo ndo wauza pakiti wanaingia, poda ya mikoriza, changanya na maji, miujiza. Soma lebo jamani. Kuna kuvu za kuvalisha mzizi kwa nje, hizo ndo za mwaloni, na kuna za kuingia ndani ya seli za mzizi, hizo ndo za mahindi, maharage na mimea mingi tu (sukuma wiki na kabichi hazina hata moja, zinajitegemea), na pakiti nyingi za madukani zimejaa hizi za pili. Mche wa mwaloni unaweza kuzipokea kidogo ukiwa mdogo lakini sizo zitakazoubeba uzeeni.

Bora kichaka jirani. Kisiwa cha Corsica walilinganisha miche ya encina chini ya kichaka kinaitwa madroño na chini ya kichaka kingine kinaitwa erica, ile ya chini ya madroño ikapona zaidi, na madroño ndo anayetumia kuvu zilezile za mwaloni, kwahiyo mche unakuta meza imeshaandaliwa. Ila msikimbilie kusema basi kila kichaka chenye kuvu za mwaloni ni mlezi. Kuna kichaka kinaitwa jara, maua yake mazuri balaa, naye ana kuvu zinazofanana na za mwaloni, lakini kwenye yale majaribio ya Sierra Nevada jara ndo alionekana kuumiza miche. Vilivyosaidia ni vichaka vya miiba, vile vidogo vidogo vya jamii ya sage (kile kiungo cha majani yenye harufu), na vya jamii ya kunde, ambavyo kuvu zake wala sio za mwaloni. Kwahiyo ukiniuliza mimi, kwanza angalia kichaka kinampa mche nini wakati wa kiangazi, halafu kuvu.

Na hizi stori za mtandaoni kwamba miti inaongea na mti mama analisha wanae kupitia nyuzi za uyoga, punguzeni. 2023 watafiti Karst, Jones na Hoeksema walipitia ushahidi wakakuta mengi yametiwa chumvi. Kuvu nazo zina maslahi yake, trufa ikishamiri chini ya mwaloni inaua majani pembeni, unaona duara limekauka, Wahispania wanasema pameungua.

Watu wa nyumbani wanaonisoma, hii sio habari ya Ulaya tu. Mimi nimekulia Tabora, ule uyoga unaopangwa barabarani msimu wa mvua mwingi wake unaishi na mizizi ya mtundu na muba, miti ya misitu yetu ya miombo, ushirikiano uleule wa mwaloni (wa kwenye vichuguu toa, ule unalimwa na mchwa). Ukishafyeka miombo ukapanda mstari wa miti ya kigeni, uyoga huo usiutegemee tena. Na wazee wa vitalu vya paini walijua hili siku nyingi, wanachanganya udongo wa chini ya paini wakubwa ndo miche ichangamke.

Ile ya udongo na huku inafanyika, ila hapa mimi ni mkali. Kuna kimelea kinaitwa fitoftora, kinaozesha mizizi na kimeua encina nyingi kusini magharibi mwa Uhispania na Ureno, na kinasafiri kwenye udongo na tope la viatu. Ukitaka udongo chukua konzi tu, mlima huohuo, chini ya mti wenye afya, usilete wa mkoa mwingine hata kama rafiki yako anakuapia. Halafu panda upande wa kaskazini wa kichaka, huku ndo upande wa kivuli, na kama unapanda matunda yenyewe badala ya miche yafunike na kipande cha wavu wa chuma, kwasababu panya na nguruwe mwitu wanayanusa usiku huohuo.