Mashine ya Kusaga Ilipozimwa

Ni usiku wa Jumapili na usingizi umegoma. Filamu yetu imeonyeshwa jioni hii kwa mara ya kwanza, katika kibanda umiza kimoja cha Majengo, hapa Moshi, mbele ya watu waliozoea kulipa kiingilio ili watazame mpira wa Uingereza, nami nimeona ni vyema niandike namna tulivyoitengeneza kabla kumbukumbu hazijaanza kujipamba.

Sisi ni bendi ya watu watano. Riziki yetu ni harusi, sendofu, na mara mojamoja hoteli zinazopokea watalii walioshuka mlimani. Kwa kuwa Jumamosi zetu zote huchukuliwa na harusi, tulibaki na Jumapili baada ya ibada, na kwa kuwa jua la huku likishazama giza halikawii, Jumapili nzuri ilitupa saa tano za kazi, na nyingine hazikufika hata tatu. Filamu ya dakika 38 ilikula Jumapili tisa. Fedha zilizotumika ni shilingi 640,000 kutoka mfuko wa bendi, na zaidi ya nusu yake iliishia kwenye sufuria na kwenye nauli, maana mtu anayekufanyia kazi bila malipo huwezi tena kumshindisha na njaa. Wamarekani walipokuja Momella, kule upande wa Mlima Meru, mwanzoni mwa miaka ya 1960 kupiga filamu na John Wayne, walikuja na msafara wa magari. Sisi tulifika Rau kwa bodaboda tatu, na bodaboda ya tatu ilibeba makande.

Kamera ilikuwa simu ya mpiga kinanda wetu. Taa ilikuwa jua, likisaidiwa na shuka jeupe ambalo mtu mmoja alilishika akiwa nje ya picha na kulielekeza usoni mwa mwigizaji. Kuhusu karatasi sitasema mengi: hata filamu ndogo kama hii inaguswa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya mwaka 1976, inayotaka kibali kabla ya kupiga picha na ukaguzi kabla ya kuonyesha, kwa hiyo kulikuwa na siku za kupanda ngazi za ofisi na siku za kuzishuka. Karatasi iliyonipa amani zaidi ni ile tuliyoiandika wenyewe siku ya kwanza, nusu ukurasa tu, ikieleza kwamba chochote kitakachoingia kitagawanywa sawa kwa wote, pamoja na yule aliyeshika shuka. Nimeshaona bendi mbili zikivunjika kwa sababu ya fedha ambazo hata hazikuwa zimepatikana bado.

Lakini jambo ninalotaka hasa kuliandika ni sauti. Mtazamaji huvumilia picha yenye giza kidogo, hata inayotikisika, ila akishindwa kusikia maneno huinuka na kuondoka, au huanza kuzungumza na jirani yake, jambo ambalo ni baya zaidi. Hapo ndipo wanamuziki tuliwazidi marafiki zetu wengine wanaotengeneza filamu za mifuko mitupu, kwa sababu vifaa vyetu vya picha vilikuwa duni lakini vya sauti tulikuwa navyo. Tulichukua maikrofoni ya studio, tukaifunga kwa selotepu kwenye mpini wa fagio, tukaivika sponji iliyokatwa kwenye godoro kuukuu ili upepo usiingie, na mpiga besi, ambaye ndiye mrefu kuliko sote, akapewa kazi ya kuishikilia juu ya vichwa vya waigizaji.

Tatizo ni kwamba nyumba ya shangazi yangu, ambamo sehemu kubwa ya hadithi inatokea, haiko mbali na mashine ya kusaga. Siku ya kwanza tulidhani tutaizoea. Tulipovaa vispika vya masikioni tukagundua kwamba mngurumo ule ulikuwa umekaa chini ya kila neno, kama besi iliyoachwa wazi baada ya wimbo kwisha. Nilikwenda kwa mwenye mashine.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimewaona tangu mlipofika na fimbo yenu yenye kofia."

"Mzee, tulikuwa tunaomba utuzimie mashine kwa dakika ishirini tu."

"Na hawa akina mama wenye ndoo zao za mahindi niwaambie nini?"

"Waambie tunapiga filamu."

"Hapana, mwanangu. Hilo utawaambia wewe."

Nikawaambia. Mmoja aliuliza kama na yeye ataonekana, mwingine alisema watoto wake hawatakula filamu, na mwishowe tulikubaliana kumlipa mzee shilingi 10,000 na kubeba ndoo za wale akina mama hadi barabarani unga ukishapatikana. Mashine ilipozimwa, mkanda wake uliendelea kuzunguka kwa muda, ukipigapiga polepole, kisha ukasimama. Ndipo tukasikia tulichokuwa hatukisikii: jogoo wa mbali, maji yakikimbia mferejini, redio ya jirani ikisoma matangazo ya vifo. Kabla ya kuanza mazungumzo tulirekodi dakika nzima ya utulivu ule mtupu, ili baadaye tuwe na kitu cha kuzibia nyufa katika uhariri, maana kila mahali pana ukimya wake na ukimya wa chumba kingine ukiubandika hapo, sikio hukataa.

Macho yetu, kwa bahati mbaya, hayakuwa makini kiasi hicho. Mazungumzo ya ukumbini yalipigwa kwa Jumapili mbili, na hakuna hata mmoja wetu aliyegundua kwamba mama wa hadithi yetu akizungumza, Kibo inaonekana nyeupe nyuma yake, na mwanawe akimjibu mlima wote umeshamezwa na mawingu. Tumeiacha hivyo.

Kwenye uhariri ndipo mpiga ngoma alipoonyesha thamani yake. Tulikuwa tumerekodi sauti kwa kinasa cha pembeni na picha kwa simu, tukavipatanisha kwa kupiga makofi mbele ya kamera kama inavyofanyika siku zote, ili mlio wa makofi ukalishwe pale mikono inapokutana kwenye picha, na mwanzoni kila kitu kilikaa sawa. Tulipofika dakika ya nne ya onyesho refu, akasema, "Mama yuko nyuma ya biti." Sikuona kasoro yoyote. Akarudisha, akagonga meza kwa kidole kila midomo ilipofunga, na kweli midomo ilichelewa kwa fremu mbili, zile picha mojamoja zinazofuatana kuunda video, yaani sehemu 8 kati ya 100 za sekunde. Kumbe simu nyingi hazishiki idadi moja ya fremu. Mwanga ukipungua hupunguza, ukiongezeka huongeza, ilhali kinasa sauti kinaendelea na mwendo wake uleule, hivyo viwili hivyo huachana kidogokidogo kama wapiga vyombo wasiosikilizana. Ilitubidi tugeuze upya faili zote za picha ziwe za fremu 25 kwa sekunde bila kuyumba, tukapoteza usiku tatu. Tangu hapo tunapiga makofi mwanzoni mwa onyesho na mwishoni pia.

Mabishano makubwa hayakuwa ya mitambo. Hadithi yetu inamhusu kijana anayeuza gitaa la marehemu baba yake bila kumwambia mama, na kuna onyesho la dakika tatu ambamo mama anachambua maharage kwenye sinia la bati, akitupa vijiwe pembeni, huku kijana ameketi mlangoni akitafuta pa kuanzia. Hakuna anayesema neno. Mpiga gitaa wetu alikuwa ametunga kipande kizuri mno cha kuweka hapo, na bendi nzima ilikipenda. Mimi pia nilikipenda. Nikauliza: gitaa limeshauzwa tangu dakika ya 11, sasa hili linalolia ni lipi, na linapigwa na nani? Waliniambia kwamba muziki wa filamu haupigwi na mtu, kila anayetazama filamu anajua hivyo, na kwamba mwanamuziki anayekataa muziki kwenye filamu yake mwenyewe ana lake jambo. Tulibishana siku mbili. Nadhani kilichonisaidia si hoja yangu bali maharage yenyewe, kwa sababu tulipozima spika zote na kubakiza maikrofoni ile ya fagio, kila punje iliyogonga bati ilisikika peke yake, na pale mama anapopunguza mwendo wa vidole unajua ameshafahamu, kabla hata hajainua uso.

Jioni hii onyesho hilo lilipofika, watu walianza kupiga kelele kwamba sauti imekata. Mmoja aliinuka kwenda kugonga spika. Mpiga gitaa aligeuka kunitazama, nami nikatazama chini. Kisha maharage yakaanza kuanguka kwenye sinia, yule aliyesimama akabaki amesimama pale pale, mkono juu ya spika, na kelele zikaisha zenyewe kutoka mbele kwenda nyuma. Sijui ni wangapi walinyamaza kwa kuguswa na wangapi kwa kungoja gitaa liingie.

Mzee wa mashine tulimwalika, akaja na shati la kanisani, akakaa benchi la mbele. Taa zilipowashwa alinishika mkono, akasifu, akauliza kama shangazi yangu amelipwa, kisha akaniuliza, akiwa na uchungu wa kweli usoni, mbona mashine yake haisikiki hata mara moja.