Tairi Zimesimama

Mwaka 2018 mpwa wangu alikuwa na miaka 16, na dada yangu alikuwa hajamruhusu hata siku moja avuke barabara bila kushikwa mkono. Ana usonji. Maneno yake ni machache, lakini jambo akilishika halimtoki. Wao wanakaa Magomeni, Dar es Salaam, na duka wanalochukua maziwa liko ng'ambo ya Barabara ya Morogoro.

Shuleni walimwimbisha "kulia, kushoto, kulia tena". Akifika ukingoni aliimba, akageuza shingo kwa kila neno, kisha akashuka barabarani huku daladala inakuja. Alifundishwa kugeuza shingo. Kuangalia kilichoko huko hakufundishwa na mtu. Halafu wimbo ule ni wa barabara moja. Morogoro, tangu mabasi ya mwendokasi, yenye njia yao wenyewe, yaanze mwaka 2016, ni kama barabara tatu: magari ya kawaida pembeni, mabasi katikati yakienda na kurudi, kisha magari tena. Hatari inabadilisha upande ukiwa bado unavuka.

Mwalimu wa kitengo chao cha elimu maalumu akatushauri tutafute kitu ambacho kijana mwenyewe anakiona. Mpwa wangu anapenda tairi. Anaweza kukaa kibarazani asubuhi nzima akiziangalia. Basi kanuni ikawa hiyo: tairi ikizunguka, subiri; hakuna tairi, au zote zimesimama, vuka; ukifika katikati, simama uangalie upya. Tulianzia uani, kwa mistari ya chaki na baiskeli ya jirani. Nilivuka mimi akiniangalia, kisha akavuka yeye, nikimrekebisha palepale. Kutoka uani tukaenda kwenye zebra ya kituo cha Kagera, hapo hapo Morogoro, kwanza Jumapili alfajiri, baadaye saa za foleni.

Ubishi ulikuja na somo la pili. Mwalimu alitaka ajue kumkatalia mtu mzima. Tukawaomba majirani wamshike mkono na kumwambia "twende", naye aseme "hapana" na abaki pale pale. Mama yetu hakupenda. "Mnamfundisha mtoto jeuri," alisema. Namwelewa, sisi tumelelewa kumtii kila mkubwa. Lakini kijana anayemfuata yeyote anayemshika mkono hana ulinzi wowote, si barabarani tu.

Jioni ya jaribio nilijificha nyuma ya meza ya muuza mihogo. Mpwa wangu hakujua kama nipo. Kijana anaweza kufanya kila kitu sawasawa mjomba wake akiwa pembeni, asikumbuke chochote akiwa peke yake.

Alifika ukingoni na mfuko wake. Daladala ikasimama, konda akapunga mkono: "Pita, pita!" Hakusogea. Watu walianza kuvuka. Mama mmoja mwenye kikapu, kwa wema kabisa, akamshika kiganja: "Vuka mwanangu, wamesimama."

"Hapana," akasema. "Tairi."

Mama akamvuta kidogo. Akajinasua, akabaki palepale, akionyesha kulia kwa kidole. Bodaboda ilikuwa inapenya kushoto kwa daladala, karibu na ukingo, na ikapita mbele ya miguu yao bila hata kupunguza mwendo. Yule mama akarudi nyuma, mkono kifuani. Mpwa wangu aliangalia tena, akasema kwa sauti, "Zimesimama," akavuka. Akasimama katikati, akaacha basi lipite, akamalizia. Mimi machozi yalinitoka mbele ya muuza mihogo, na sikuona haya.

Nilipompigia dada aliuliza jambo moja tu: kesho anaweza kwenda kuchukua maziwa? Kwa zebra ile, nikamjibu, anaweza. Wiki iliyofuata tukahamia zebra ya kituo kingine, Usalama. Pale alisimama ukingoni kama mtu ambaye hajawahi kuona barabara, akiniangalia mimi badala ya magari. Nikavuka kwanza, yeye akiniangalia, tukaanza upya.